Portal 2 ya wawili: Caroline hakufutwa, na ushahidi mwingi uko upande wa roboti

Hapana, mdogo wangu, hamkukosa kitu. Wewe na dada yako mmemaliza kozi zote tano za sehemu ya wawili, mkafungua lile ghala lenye watu wamelala safu kwa safu, GLaDOS akafurahi kupita kiasi, kisha mchezo ukaisha nanyi mkabaki mnatazamana. Ndivyo unavyoisha. Sasa unauliza kama kweli Caroline, yule msaidizi wa maabara anayesikika kwenye kanda za zamani, alifutwa, kama Chell ni mwanawe, na mbona huko Bukavu kila mnayemuuliza ana nadharia yake. Mchezo huu nimeucheza miaka mingi hapa Lubumbashi, na watu wa kila aina, na mabishano hayo nayajua vizuri. Niache nijibu kwa kirefu.

Kwa wengine mnaosoma bila kuujua: Portal 2 ni mchezo wa mafumbo uliotolewa na kampuni ya Valve ya Marekani mwezi wa Aprili 2011, ukifuata ule wa kwanza wa 2007. Una bunduki isiyoua mtu. Inafungua portali mbili kwenye kuta. Ukiingia hapa unatokea pale, na kasi uliyoingia nayo ndiyo unayotoka nayo. Mambo yote yanatokea Aperture Science, maabara kubwa ya chini ya ardhi inayoendeshwa na GLaDOS, kompyuta yenye sauti ya upole na roho mbaya. Anayecheza peke yake ni Chell, mwanamke asiyetamka hata neno moja tangu mwanzo hadi mwisho. Wanaocheza wawili ni roboti: ATLAS, mfupi wa mviringo mwenye jicho la bluu, na P-body, mrefu mwembamba mwenye jicho la rangi ya chungwa. Kila mmoja ana portali zake mbili, kwa hiyo chumba kimoja kinaweza kuwa na portali nne kwa wakati mmoja, na hapo ndipo kichwa kinapoanza kuchemka.

Wengi huichukua sehemu ya wawili kama nyongeza ya kuchezea na rafiki, na hadithi wanaitafuta upande wa Chell tu. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Upande wa Chell, GLaDOS ana adui mbele yake, kwa hiyo kila anachosema kina mtego ndani. Upande wa roboti hana wa kumwogopa. Amejenga maabara yake upya, ametawala peke yake, na wale wawili ni mali yake. Hapo ndipo unamwona alivyo. Mtu anayebishana juu ya Caroline bila kuzipitia kozi zile tano anahukumu kesi kwa kusikiliza upande mmoja.

Sisi tulicheza kwenye PS3 ya mtumba, skrini imegawanywa katikati, manete (vidhibiti vya mkononi) mbili, sauti za Kifaransa, bila intaneti. Mwenzangu alikuwa yaya, yaani ndugu yangu mkubwa, mtoto wa kwanza wa nyumba yetu kule Katuba, fundi cherehani. Sehemu ya wawili haina pa kuhifadhi katikati ya chumba. Mchezo unakumbuka tu vyumba mlivyokwisha kumaliza. Umeme ukikatika mkiwa hatua moja kabla ya mlango wa kutokea, chumba chote mnaanza upya. Kwa hiyo delestaji ilitufundisha kujadili. Mbabula, jiko letu la makaa, ilisogezwa karibu, hasa mwezi wa sita na wa saba baridi inapouma, karanga zikapita mkono kwa mkono, na mtu akaanza: "Lakini yule Caroline..." Nadharia nyingi zilipimwa gizani namna hiyo, na nyingi zilifia hapohapo.

Yaya ndiye aliyenionyesha jambo ambalo tangu hapo nalisema kwa kila anayeniuliza. Katika sehemu ya wawili kuna kusubiri kwingi. Mmoja amesimama juu ya kitufe cha sakafuni ili mlango ubaki wazi, mwenzake yuko upande wa pili anatafuta njia. Aliyesimama hawezi kuondoka. Basi anaangalia kuta, anaangalia juu, anasikiliza GLaDOS anasema nini na anakisema lini. Anayecheza peke yake yuko mbioni kila wakati, na nusu ya maneno yanampita. Yaya alikuwa anasimama juu ya vitufe na kuokota vitu masikioni kama anavyookota pini sakafuni kwake: hakuna kinachompotea.

Chukua kozi ya tatu, ile ya madaraja ya mwanga. Mwanga unatoka ukutani na kuwa sakafu ngumu unayoweza kutembea juu yake. Ukiupitisha kwenye portali, daraja linatokea popote unapotaka. Sasa kuna tureti. Kwa msiozijua, ni bunduki nyeupe zenye umbo la yai, miguu mitatu, zinazokuongelesha kwa sauti ya mtoto mwenye adabu kabla ya kukumiminia risasi. Njia ya kuzipita ni mmoja kulisimamisha daraja liwe ngao, na mwingine kutembea nyuma ya ule mwanga. Yaya alikuwa P-body, mimi ATLAS. Nilikuwa katikati ya uwanja, risasi zinagonga mwanga upande wa pili, cheche zinaruka, na uhai wangu wote uko kwenye kidole cha mtu mwingine. Akihamisha portali yake kabla ya wakati, nimekwisha. Akaniambia bila kutoa macho kwenye skrini: "Enda tu, niko nakushika." Nikaenda. Kwa Chell hakuna nafasi ya namna hiyo, maana hana wa kumshika.

GLaDOS anafanya nini akiona vile? Anagawa pointi. Bluu amepata, rangi ya chungwa amenyang'anywa, bila sababu inayoeleweka. Pointi zenyewe hazinunui kitu, hazifungui mlango, hazibadilishi mwisho. Anamsifu mmoja ili mwingine asikie. Anadokeza kwamba mmoja ni mzigo kwa mwenzake. Mkipungiana mkono au mkigonganisha viganja, na mchezo umewapa ishara hizo makusudi, yeye anaanza kuwasema kwamba mnaiga tabia za binadamu.

Siku moja niliipeleka diski ile kwenye salle ya michezo kule Kamalondo, mahali ambapo kwa kawaida ni mpira tu asubuhi hadi usiku. Wadogo wawili wakashika manete, wengine wakazunguka nyuma. Kozi ya kwanza haijaisha, wale waliosimama nyuma wakaanza kuhesabu pointi kwa sauti. "Ya bluu iko nashinda!" Hakuna aliyewaambia wahesabu. Mara yule wa rangi ya chungwa akashuka kwenye kitufe wakati mwenzake anavuka, mlango ukafunga, roboti ya bluu ikabaki imenasa upande wa pili, watu wakapiga kelele. Chumba ambacho kingeisha mara moja kiliwachukua muda mrefu sana. Niliwatazama nikaona kwamba waliouandika mchezo huu walijua wanafanya nini. Hila ya GLaDOS haiko kwenye hadithi tu. Inafanya kazi kwa mtu aliyeshika manete, katika chumba chochote, hata Kamalondo.

Swali ni kwa nini anahangaika. Roboti wakifa anawaunda upya palepale. Hawawezi kumdhuru, hata kusema hawasemi zaidi ya milio. Kinachomuuma ni kwamba wako wawili. Na hapa ndipo tunarudi kwa Caroline.

Mnakumbuka Chell anapoanguka hadi chini kabisa, kwenye Aperture ya zamani, na GLaDOS, aliyenyang'anywa mwili wake na Wheatley, roboti tufe mwenye jicho la bluu, amefungwa kwenye betri ya kiazi. Njia nzima mnasikia kanda za Cave Johnson, mwanzilishi. Mwanzoni, miaka ya 1950, anawapokea wanaanga na mashujaa wa vita. Baadaye fedha zimekauka, anawalipa watu wa mitaani dola 60 wakubali kujaribiwa. Mwishoni anawalazimisha wafanyakazi wake mwenyewe, huku akifa kwa sumu ya vumbi la mawe ya mwezini aliyoyasagisha. Kwenye kanda zile kuna msaidizi wake, Caroline. Cave anamsifu kuwa uti wa mgongo wa maabara, anasema ameolewa na sayansi. Naye Caroline anajibu kwa furaha kila anapoitwa. Angalieni kiazi wakati huo: GLaDOS anaitikia pamoja na kanda kabla hajajua kwa nini anaitikia. Kisha inakuja kanda ya mwisho, Cave anaagiza kwamba akifa kabla ya yeye kuingizwa kwenye kompyuta, aingizwe Caroline badala yake. Atasema hawezi, atakataa, basi mlazimisheni. GLaDOS anamuaga kama msaidizi anavyomuaga bosi wake. Hiyo si nadharia tena. Caroline aliwekwa ndani ya mashine ile, na hakuombwa ruhusa.

Sasa mwishoni. Chell amemshinda Wheatley, GLaDOS amerudi kwenye mwili wake, anasema amegundua ndani ya ubongo wake ni wapi Caroline anaishi. Tangazo linatoka: Caroline amefutwa. Kisha anamwachia Chell aende zake, kwa madai kwamba kumuua ni kazi ngumu na suluhisho bora ni lile rahisi.

Wanaosema alifutwa kweli wana tangazo lile tu. Basi tupime. Tangazo linatoka kwenye mitambo ambayo GLaDOS mwenyewe ndiye anayeitawala, na tangu 2007 amewahi kudanganya kuhusu keki, kuhusu zawadi, kuhusu wazazi wa Chell. Baada ya tangazo, lifti inapanda. Inasimama mbele ya tureti, hazipigi risasi hata moja, zinamwimbia opera. Inafika juu, mlango unafunguliwa kwenye shamba la ngano, na mara unafunguliwa tena: linatupwa boksi la mapenzi, limeungua pembeni. Lile boksi ni la mchezo wa kwanza, ambapo GLaDOS alimlazimisha Chell kulichoma motoni. Mashine iliyofuta moyo wake sekunde chache zilizopita haiwezi kukumbuka kumrudishia mtu kitu chake. Na kwenye wimbo wa mwisho, ulioandikwa na Jonathan Coulton na kuimbwa na Ellen McLain, yuleyule aliyempa GLaDOS sauti, Caroline anatajwa kuwa bado yumo ndani. Mimi kwangu kesi imekwisha: hakufutwa.

Lakini subiri, maana hapa ndipo wengi wanaoukubali upande wangu wanapoteleza. Wanasema Caroline yumo, kwa hiyo GLaDOS sasa ana huruma. Sehemu ya wawili inakataa kabisa. Roboti wale ni wa baada ya Chell. Mnawaona wamesimama kando ya GLaDOS Chell anapozinduka mwishoni. Na mara tu anapobaki nao, GLaDOS anafanya nini? Anaanza majaribio palepale. Anakiri kwamba kuwajaribu roboti hakumtoshi, kwa sababu hawafi wakafa kweli, na kila mwisho wa kozi anawatuma nje ya vyumba, kwenye mitambo ya nyuma, wamtafutie data ya mahali binadamu walipo. Wakimaliza anawalipua, anawaunda tena, kozi inayofuata. Ndiyo maana ya lile ghala mlilolifungua. Mlango wake ulitaka ishara za binadamu mbele ya kamera, mkapunga mkono, ukafunguka. Zile ishara alizowakemea kozi nzima ndizo zilizompatia alichokitaka. Yaya aliposhtukia hilo alisimama, akaweka manete chini, akaniambia: "Tumemusaidia."

Kwa hiyo yule Caroline aliyebaki ndani si malaika. Someni kanda zile tena kwa utulivu. Mwanamke yule alisimama pembeni ya Cave Johnson miaka na miaka, wakati watu wanaingizwa kwenye vyumba na wengi hawatoki, na sauti yake haikupungua furaha. Alipenda kazi ile. Alichomwachia GLaDOS si huruma. Ni mazoea ya kuwa na mtu. Cave na Caroline walikuwa wawili: mmoja anaagiza, mwingine anaitikia. Kisha mmoja akafa na mwingine akamiminwa kwenye mashine kwa nguvu, akabaki yeye ndiye anayeagiza na hakuna wa kuitikia. Akapata Chell, ambaye hasemi. Akawapata roboti, ambao wanaitikiana wao kwa wao. Hebu msikilizeni tena anavyogawa pointi mkiwa na hilo kichwani. Nadharia yangu ni hiyo: anawaonea wivu. Anataka mmoja wao awe upande wake.

Kuna nadharia inayopendwa sana huku kwetu kwamba ATLAS ni Wheatley aliyeundwa upya, kwa sababu wote ni tufe lenye jicho la bluu. Inapendeza, lakini haisimami. Wheatley mwenyewe, akiwa bado anatawala, anamwambia Chell amegundua roboti wawili wadogo waliotengenezwa kwa ajili ya majaribio, kwa hiyo hamhitaji tena. Hawezi kuwagundua kisha akawa mmoja wao. Na mwishoni yuko angani anaelea karibu na mwezi. Umbo linafanana kwa sababu ATLAS ametengenezwa kwa tufe la aina ileile, na P-body ametengenezwa kwa tureti. Basi.

Hilo la Wheatley linatupa kitu kingine lakini. Mnakumbuka anavyopata raha kila Chell anapomaliza chumba, kisha raha ile inapungua hadi anapandwa na wazimu? GLaDOS anaeleza kwamba ule mwili umeundwa hivyo: anayeukalia anasukumwa kujaribu, na akijaribu sana hatosheki tena. Nani aliyeuunda mwili ule? Watu wa Aperture. Kwa hiyo GLaDOS anapolalamika kwenye kozi ya tatu au ya nne kwamba majaribio ya roboti hayana ladha, msidhani anajifanya. Mwili unamsukuma, Caroline anamkumbusha, na hajui lipi ni lipi.

Kuhusu Chell kuwa binti ya Caroline. Naijua nadharia hiyo na najua kwa nini inapendwa. Ushahidi wake: kwenye ukumbi wa siku ya mabinti kwenda kazini kwa wazazi wao, kati ya miradi ya betri za viazi, kuna kiazi kimoja kilichoota hadi kikafika darini, na bango lake limeandikwa jina la Chell. Wanaongeza opera ya tureti, wanasema ni mama anamwimbia mwanawe. Hivyo alikuwa mtoto wa mtu wa Aperture. Mpaka hapo nakubali. Lakini maabara ile ilijaa wafanyakazi, na meza zilikuwa nyingi. Kutoka "mtoto wa mfanyakazi" hadi "mtoto wa Caroline" ni kuruka shimo bila portali. Tena Chell ametajwa kuwa alilelewa na wazazi wasio wake wa damu, na waliotaja ni GLaDOS na Wheatley wakimtukana, mashahidi wabovu wote wawili.

Kilicho wazi zaidi kuhusu Chell kiko kwenye katuni iitwayo Lab Rat, ambayo Valve waliitoa bure mwaka 2011. Mwanasayansi Doug Rattmann, yule aliyechora kuta zile za siri mnazoziona nyuma ya paneli, alikuta jina la Chell limekataliwa kwenye orodha kwa sababu hakati tamaa, kupita kiasi. Akalipandisha hadi nafasi ya kwanza. Kwa hiyo Chell aliingia kwenye kisa hiki kwa sababu ya tabia yake, na mtu mmoja aliyemwamini. Kwangu hilo lina uzito kuliko damu. Ukimfanya binti ya Caroline, unamnyang'anya lile alilolipata kwa ukaidi wake, unampa kwa ukoo. Sipendi.

Nadharia ya meli Borealis nitaipita haraka. Chini kule kuna gati tupu lenye boya la jina hilo, na meli yenyewe inatajwa kwenye Half-Life 2: Episode Two ya 2007, mchezo mwingine wa Valve. Ni uthibitisho kwamba michezo hii miwili ina dunia moja, na hakuna zaidi ya hapo cha kushindania.

Ambacho hamjanitajia, na naona hamjakipata, ni ile tureti ya ajabu. Kabla Chell hajaanguka kule chini, akipita na Wheatley nyuma ya mitambo, kuna tureti moja kwenye mkanda wa kubeba takataka inayosema kwamba yeye ni tofauti. Mchukueni, msimwache. Mkononi mwenu anaanza kutoa maneno yasiyo na maana: anamtaja Prometheus aliyeadhibiwa na miungu kwa kuwapa watu maarifa, akatupwa chini ya ardhi na kudonolewa na ndege. Anasema jibu liko chini yetu. Anasema jina la mwanamke fulani ni Caroline, kumbukeni hilo. Wakati huo hamjui hata Caroline ni nani. Kisha yote yanatimia: GLaDOS anatupwa chini, ndani ya kiazi, na ndege anakuja kumdonoa. Nilipoirudia sehemu hiyo baada ya kumaliza kila kitu, nywele zilinisimama.

Na ndege yule hakuishia hapo. Kuna kozi ya sita, iliyotoka bure mwezi wa Oktoba 2011 kwa jina la Peer Review. Kama mlicheza diski bila intaneti, kama sisi, haimo. Sisi tuliicheza baadaye kwenye kompyuta ya rafiki. GLaDOS anawaamsha roboti, anawapitisha kwenye vyumba anavyoviita kazi za sanaa, na mwishowe inajulikana kwamba wale watu wote wa ghalani amekwisha kuwamaliza, na kwamba kuna adui ameingia kwenye mwili wake wa zamani anachezea mitambo. Anaogopa kweli, sauti inabadilika. Adui mwenyewe ni ndege. Roboti wanamfukuza, yanabaki mayai. GLaDOS, ambaye mngetegemea ayaponde, anayalea. Anasema atawafanya vifaranga hao mashine za kuua, lakini msikilizeni anavyosema nao.

Wanaosema Caroline ni huruma wanalichukua hilo kama ushindi wao. Wanaosema alifutwa wanasema anatengeneza silaha tu. Mimi naliona ndilo jambo lilelile la pointi: amepata tena wa kuwa naye, na hajui namna nyingine ya kuwa na mtu isipokuwa kumfundisha kuua. Mwanamke aliyekubali kila kitu kwa ajili ya sayansi, ndani ya mwili unaomsukuma kujaribu, anaatamia mayai. Hapo hamtafuti tena kama alifutwa. Mnamwona.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Tafuteni Peer Review. Kwenye PS3 ni kuipakua mara moja tu, hata kwa intaneti ya kwa jirani. Kabla yake rudieni ile sehemu ya tureti ya ajabu na kanda za Cave, kwa sababu bila hizo ndege hatakuwa na maana kwenu. Kisha mrudi kwenye kozi ya tatu na mbadilishane kazi: aliyekuwa anasimama juu ya vitufe ashike portali, aliyekuwa anakimbia asimame. Dada yako atasikia usiyoyasikia wewe, nawe vilevile. Na akianza kuhesabu pointi, mwambie aache, halafu uandike hapa GLaDOS alikuwa amesema nini dakika ile.